Jina la Nani Liandikwe? Historia ya Kumtambua Mtungaji na Kuhesabu Marejeo, Ikitazamwa kutoka Ituri

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeandaa kazi yake ya kumaliza masomo huko Bunia hufundishwa mapema kwamba akitumia wazo la mwingine sharti amtaje. Kanuni hii ni njema, na hakuna chuo kinachoipinga. Hata hivyo, ndani yake mna maswali mawili ambayo si mara nyingi yanaulizwa. La kwanza ni hili: huyo "mwingine" anayestahili kutajwa ni nani hasa? Je, ni yule aliyejua jambo, aliyelisimulia, aliyeliandika, au aliyelichapisha? La pili linatokana na la kwanza: ikiwa heshima ya msomi, na pengine cheo chake, hupimwa kwa idadi ya mara alizotajwa, hesabu hiyo inamwona nani na inamwacha nani nje?

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maswali hayo kwa njia ya historia. Yataanza na mnyama mmoja wa msitu wa Ituri ambaye jina lake la kisayansi ni somo zima juu ya utambuzi, kisha yatatazama maandiko mawili ya Kiswahili, na baadaye yataeleza jinsi desturi ya kuhesabu marejeo ilivyozaliwa na kukua. Mwisho yatajadili hali ya mtafiti wa Kongo mbele ya hesabu hiyo. Hoja yetu ni kwamba hesabu haiwezi kuwa ya haki kuliko utambuzi unaoitangulia. Jina lisiloandikwa halihesabiki, hata chombo cha kuhesabia kiwe bora namna gani.

2.0 Okapi na Majina Yake

Mnyama aitwaye okapi huishi katika misitu ya Kongo peke yake, na sehemu kubwa ya hifadhi yake mashuhuri imo katika wilaya ya Mambasa, magharibi ya Bunia. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 1996 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wambuti na Walese walimjua mnyama huyo tangu zamani. Walimwinda, walimla, walitumia ngozi yake, na neno "okapi" lenyewe limetokana na lugha za wenyeji wa msitu huo. Kwa hiyo swali la nani "aligundua" okapi lina jibu jepesi kwa mtu wa Ituri. Jibu la vitabu ni refu zaidi.

H. M. Stanley alipoandika juu ya safari yake ya kumtafuta Emin Pasha, katika kitabu kilichotoka mwaka 1890, alidokeza kwamba Wambuti walimjua mnyama wa jamii ya punda. Sir Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi maalumu wa serikali ya Uingereza huko Uganda, alilishika dokezo hilo. Kundi la Wambuti lilikuwa limechukuliwa ili likaonyeshwe katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Johnston akawaokoa na kuwarudisha kwao, na njiani aliwauliza habari za mnyama huyo. Walimweleza. Alipofika kituo cha Mbeni, upande wa Semliki, maofisa wa Dola Huru ya Kongo walimpa vipande vya ngozi yenye milia vilivyokuwa vimetengenezwa mikanda. Alivipeleka London, na mwaka 1901 P. L. Sclater akamwita mnyama huyo Equus johnstoni, yaani aina ya farasi au pundamilia wa Johnston. Baadaye Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa akitumikia Dola Huru, alipata ngozi nzima na mafuvu. Mafuvu hayo yalidhihirisha kwamba mnyama si wa jamii ya farasi bali ni ndugu wa twiga, na E. Ray Lankester akamtungia jenasi mpya, Okapia.

Leo jina kamili huandikwa Okapia johnstoni (Sclater, 1901). Tulitazame kwa makini, kwa kuwa elimu ya wanyama ina kanuni kali za kumtaja mtungaji. Jina la Sclater lipo kwa sababu ndiye wa kwanza kulichapisha jina la spishi. Mabano yapo kwa sababu spishi hiyo imehamishwa kutoka katika jenasi aliyoiweka yeye. Lankester, aliyeihamisha, hatajwi. Johnston yumo ndani ya jina kama mtu aliyeheshimiwa, si kama mtungaji. Na Eriksson? Mwaka 1902 Lankester alitunga jina Okapia erikssoni akidhani amepata spishi ya pili. Ilipokubaliwa kwamba spishi ni moja tu, jina lililotangulia lilishinda kwa mujibu wa kanuni ya kipaumbele, na jina la Eriksson likabaki katika orodha za visawe ambazo husomwa na wataalamu wachache.

Tuna basi mfumo ambao kwa upande mmoja ni mwaminifu mno. Kwa maneno machache na mabano mawili unatueleza nani alichapisha, lini, na kwamba mawazo yamebadilika tangu hapo. Wale Wambuti waliojibu maswali ya Johnston, lakini, hawana jina hata moja katika masimulizi yanayorudiwa na vitabu. Hawakufichwa kwa hila. Kanuni ilikuwa inatambua tendo moja tu, la kuchapisha, na wao hawakuchapisha. Jambo hili tulishike, kwa sababu litarudi: mara nyingi dhuluma ya utambuzi haiko katika kuvunja kanuni bali katika kuifuata kikamilifu kanuni iliyoacha mlango mmoja tu wazi.

3.0 Maandiko ya Kiswahili na Mtungaji Wake

Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kuazima dhana ya utambuzi kutoka nje. Wanazuoni wa pwani walioisoma elimu ya hadithi walijua isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi ambao kila mmoja hutajwa kwa jina, na ambao uzito wa habari hupimwa kwa kumkagua kila mpokezi mmoja mmoja. Washairi nao walikuwa na desturi yao: mwishoni mwa utenzi mtunzi hujitambulisha, hutaja tarehe, na pengine hutaja hata idadi ya beti ili asije mnakili akapunguza au akaongeza. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake aliuwekea mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Hivyo karne moja kabla ya fahirisi za kisasa, mtunzi wa Kiswahili alikwisha kujua kwamba jina na hesabu ni ulinzi wa kazi yake.

Ulinzi huo ulidhoofika pale maandiko yalipopita mikononi mwa wahariri wa kigeni. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa Göttingen mwaka 1903. Sehemu kubwa ya maandishi yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, akaishi huko na kufariki huko mwaka 1927. Jina lililotangulizwa mbele ya kitabu ni la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Kwa miaka mingi watafiti walipotumia maelezo ya Mtoro juu ya ndoa, ngoma au tiba waliandika "Velten 1903". Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981, jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa katika anwani ya kitabu, pamoja na kukiri kwamba Waswahili wengine walichangia.

Tazama sasa matokeo kwa mwenye kuhesabu. Maneno yaleyale ya mtu yuleyule huweza kurejelewa kama kazi ya Velten, ya Allen, au ya Mtoro. Mashine ya kuhesabu huona watu watatu na vitabu vitatu. Mtoro, aliye chanzo, hupata sehemu ndogo, na sehemu hiyo yenyewe ilianza kukua zaidi ya miaka hamsini baada ya kifo chake.

Kongo ina mfano wake pia, nao unaonyesha kwamba mhariri akitaka anaweza kutenda kinyume. Mwaka 1965 André Yav aliandaa kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo yalipigwa chapa kwa taipureta na kusambazwa kwa uchache. Johannes Fabian alipoyachapisha upya mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, aliliweka jina la Yav katika anwani yenyewe ya kitabu. Fahirisi nyingi bado humweka Fabian mbele, kwa kuwa ndiye mhariri. Lakini msomaji anayefungua kitabu hawezi kukosa kujua historia ile ni ya nani. Uamuzi mdogo wa mhariri, unaochukua mstari mmoja, ulitosha.

4.0 Kuhesabu Kulikotoka

Desturi ya kuhesabu marejeo haikuanza kwa nia ya kupima watu. Mwaka 1927 P. L. K. Gross na E. M. Gross walichapisha katika jarida Science uchunguzi mfupi uliotokana na shida ya kawaida kabisa: chuo kidogo cha Marekani chenye fedha chache kinunue majarida yapi ya kemia? Walichukua jarida kuu la chama cha wanakemia wa Marekani la mwaka 1926, wakahesabu marejeo 3,633 yaliyomo, kisha wakapanga majarida kwa wingi wa kutajwa. Lilikuwa swali la mkutubi maskini, na mtu yeyote aliyefanya kazi katika maktaba ya chuo cha Kongo ya mashariki atalielewa mara moja.

Hatua ya pili ilikuwa ya Eugene Garfield. Mwaka 1955, katika jarida lilelile, alipendekeza fahirisi ya marejeo kwa sayansi, akiiga fahirisi za wanasheria wa Marekani, zilizokuwapo tangu mwaka 1873, ambazo zilimwonyesha wakili ni hukumu gani za baadaye zimeitaja hukumu fulani. Fahirisi ya Garfield ilianza kutolewa mwaka 1964 na taasisi yake ya Philadelphia. Nia yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia msomaji kufuatilia wazo: akijua makala ya zamani, aweze kuona nani aliitumia, nani aliikosoa. Huo ni msaada mkubwa, na hakuna haja ya kuubeza.

Lakini chombo kinachoweza kuonyesha nani amemtaja nani kinaweza pia kuonyesha mara ngapi, na "mara ngapi" ni rahisi kutumiwa kuliko "kwa nini". Tangu mwaka 1975 taasisi hiyo ilitoa ripoti za majarida zenye kipimo cha athari, yaani idadi ya marejeo ambayo makala za miaka miwili iliyotangulia zimepata katika mwaka mmoja, ikigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kipimo hicho kilikuwa cha jarida, lakini vyuo vingi vikaanza kukitumia kumpima mtu. Mwaka 2005 mwanafizikia J. E. Hirsch alipendekeza kipimo cha mtu mwenyewe, kinachojulikana kwa herufi h. Mfano: mwalimu ana makala tano zilizotajwa mara 12, 7, 5, 4 na 2. Jumla ya marejeo ni 30. H yake ni 4, kwa sababu makala nne zimetajwa si chini ya mara nne kila moja, na ya tano haikufikia tano. Akitokea mwenzake mwenye kitabu kimoja kilichotajwa mara 300, h yake ni 1.

Pana pia swali la kugawa. Makala ikiandikwa na watu wanne, je, kila mmoja apewe alama nzima, au robo? Hesabu nzima huwapendelea wanaoandika kwa makundi makubwa; hesabu ya sehemu humwadhibu anayewashirikisha wenzake, na huenda ikamfanya mtafiti mkuu asite kuliongeza jina la msaidizi wake. Katika fahirisi za kwanza zilizochapishwa kwenye karatasi, kazi iliyorejelewa iliorodheshwa kwa jina la mtungaji wa kwanza tu. Wa pili na wa tatu hawakuonekana. Kwa sababu hiyo mpangilio wa majina katika makala, ambao zamani ulikuwa suala la adabu, uligeuka kuwa suala la riziki.

5.0 Mtafiti wa Kongo mbele ya Hesabu

Tukiileta hesabu hii Kongo tunakuta vikwazo vya namna tatu.

Cha kwanza ni jina lenyewe. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi ya Mobutu, raia wa Zaire walitakiwa kuyaacha majina ya ubatizo na kuchukua majina ya asili. Msomi aliyechapisha mwaka 1970 kwa jina moja alichapisha mwaka 1973 kwa jina jingine. Mudimbe, aliyekuwa Valentin Yves, akawa Vumbi Yoka, na herufi V. Y. zikamwokoa, wengi hawakubahatika hivyo. Hata leo Mkongo huwa na jina, jina la pili na jina la ubatizo, naye mwandaa fahirisi wa ng'ambo, akidhani kwamba neno la mwisho ndilo la ukoo, humgawa mtu mmoja kuwa wawili au watatu. Vyuo na majarida navyo vimebadili majina. Chuo cha Kisangani kilianza mwaka 1963 kama Chuo Kikuu Huria cha Kongo, mwaka 1971 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikawa Chuo Kikuu cha Kisangani. Jarida Zaïre-Afrique liligeuka Congo-Afrique mwaka 1997. Kila badiliko hukata uzi wa hesabu.

Cha pili ni lugha na mahali pa kuchapisha. Kazi nyingi za vyuo vya Bunia ni za Kifaransa, chache ni za Kiswahili, na nyingi hubaki katika nakala chache za taipu zilizohifadhiwa maktabani. Fahirisi kubwa zilizojengwa Marekani na Ulaya huchagua majarida, na huchagua zaidi yale ya Kiingereza. Utafiti juu ya migogoro ya ardhi ya Djugu au juu ya Kiswahili cha sokoni Bunia huweza kusomwa na kila anayehusika nao, ukabadili mafundisho ya shule, na bado ukapata sifuri. Sifuri hiyo haina maana kwamba haukusomwa; ina maana kwamba aliyeusoma hayumo miongoni mwa wanaohesabiwa.

Cha tatu ndicho kizito zaidi: kutoandikwa kabisa. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku. Dakta Jean-Jacques Muyembe-Tamfum alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kufika, akachukua damu kutoka kwa wagonjwa bila kinga ya kutosha, na akampeleka Kinshasa mtawa mgonjwa ambaye damu yake ilitumwa Ubelgiji. Makala tatu zilizotangaza virusi vya Ebola katika jarida The Lancet, Machi 1977, ziliandikwa na watafiti wa maabara za Ubelgiji, Uingereza na Marekani; jina la Muyembe halimo miongoni mwa watungaji. Kila aliyezirejelea makala hizo kwa uaminifu, kwa kufuata kanuni zote, alizidisha ukimya huo. Ni jambo lilelile tuliloliona katika habari ya okapi.

Habari hiyo ina sehemu ya pili, nayo inahusu Ituri. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya mlipuko huo lilifanywa jaribio la dawa nne kwa wagonjwa 681, likaonyesha kwamba dawa mbili zilipunguza vifo. Moja kati ya hizo ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Makala yake ilitoka mwaka 2019 katika jarida kuu la utabibu la New England. Mtungaji wa kwanza ni Sabue Mulangu. Wa mwisho, nafasi ambayo kwa desturi ya fani hiyo ni ya kiongozi, ni Muyembe. Kati ya 1977 na 2019 elimu ya virusi ilisonga mbele sana, lakini badiliko hili la majina halikuletwa na virusi wala na kipimo chochote cha marejeo. Lililetwa na Wakongo kuwa na taasisi yao, maabara yao na sauti katika kupanga utafiti tangu siku ya kwanza.

6.0 Yanayowezekana Bunia

Ulimwengu wa wasomi wenyewe umeanza kuvitilia shaka vipimo vyake. Tamko lililoandaliwa San Francisco Desemba 2012 liliwataka wakuu wa vyuo wasitumie kipimo cha jarida kumpima mtu. Mwaka huohuo ulianzishwa mfumo wa ORCID, unaompa mtafiti namba ya tarakimu kumi na sita inayobaki ileile hata jina likibadilika. Tangu mwaka 1998 majarida ya Afrika yamekuwa yakikusanywa pia katika hazina yao ya kielektroniki. Haya yote yanafaa, na kijana anayeanza utafiti Bunia hana sababu ya kuyangoja.

Lakini kazi kubwa iko karibu zaidi. Kwanza, chuo kiamue namna moja ya kuandika majina ya Kikongo, na kila mtafiti aishike. Pili, kila kazi ieleze mwanzoni nani alifanya nini: aliyehoji, aliyetafsiri kutoka Kilendu, Kihema, Kialur au Kibira kwenda Kiswahili, aliyechora ramani, aliyeandika. Mfasiri katika Ituri si chombo cha kupitishia maneno. Mara nyingi ndiye anayeamua neno lina maana gani. Tatu, mzee aliyetoa habari arejelewe ndani ya matini pale habari yake inapotumika, kama kitabu kinavyorejelewa, badala ya kuachwa katika orodha ya mwisho isiyosomwa.

Hapa pana tahadhari ambayo historia ya Ituri inaidai. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliacha kumbukumbu ambazo kumtaja aliyezisimulia kunaweza kumletea hatari. Katika kesi ya Thomas Lubanga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyotoa hukumu ya hatia Machi 2012, mashahidi wengi walijulikana hadharani kwa namba tu. Kuficha jina kwa ajili ya kumlinda mtu si sawa na kulisahau. Tofauti ni moja: je, mwenyewe aliulizwa? Mtafiti anayeandika "mkulima mmoja wa Djugu" aeleze kwamba mkulima huyo ndiye aliyechagua iwe hivyo. Asipoweza kulisema hilo, basi hakumlinda, amemfuta tu.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kuhesabu marejeo kulianza kama msaada kwa maktaba yenye fedha chache, kukawa msaada kwa msomaji, na hatimaye kukawa mizani ya watu. Tumeona pia kwamba mizani hiyo hupima kile tu kilichokwisha kuandikwa na watu walioamua, kwa kanuni au kwa mazoea, ni jina gani liingie na lipi libaki nje. Wambuti waliomweleza Johnston, Mtoro wa Bagamoyo, na daktari wa Yambuku walinyimwa nafasi kabla hesabu haijaanza. Kwa hiyo chuo kinachotaka haki kisianze na mashine ya kuhesabia. Kianze na kalamu ya mwanafunzi wake, siku anaporudi kutoka Mambasa au Mahagi na daftari la mahojiano, anapoketi kuandika ukurasa wa kwanza.